Ajali Ina Kinga

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Dar es Salaam, ukapita Nzuguni na Ihumwa, unafika Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Si zamani sana hapa palikuwa na vichaka na malisho ya Wagogo. Azimio la kuhamishia makao makuu Dodoma lilipitishwa na TANU mwaka 1973, likakaa miaka mingi likisubiri, hadi mwaka 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba sasa Serikali inahama kweli. Tangu hapo ujenzi haujatulia. Asubuhi utawaona mafundi wakiingia getini na kofia ngumu, vizibao vinavyoakisi mwanga na gambuti miguuni. Na siku nyingine huja gari, wakashuka watu wawili watatu waliovaa kofia zilezile, ila hawana nyundo wala mwiko. Wanatembea taratibu. Wanatikisa nguzo za jukwaa. Wanainama kutazama waya wa umeme uliopita kwenye dimbwi la maji. Wanamwita saidia fundi aliyevaa ndala, wanamuuliza maswali, wanaandika.

Hao ni wakaguzi wa usalama na afya mahali pa kazi. Wengi wao hutoka OSHA, wakala wa Serikali ulioanzishwa mwaka 2001. Nataka niwasimulie kazi yao, kwa sababu nyinyi mnaosoma haya leo, baada ya miaka michache tu mtakuwa mahali fulani mnafanya kazi: kiwandani, mgodini, hospitalini, sokoni, kwenye saiti ya ujenzi. Na kazi ya watu hawa, ukiitazama vizuri, ni kubishana na msemo ambao sote tumelelewa nao: ajali haina kinga.

Msemo huo tunausema msibani, kwa nia njema, ili kumpoza mfiwa. Msibani sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni pale unaposemwa kesho yake, kazini, ili kazi iendelee vilevile kama jana. Mtu ameanguka kutoka ghorofa ya tatu, amezikwa, na jukwaa lililomwangusha bado limesimama, na mwingine anapandishwa juu yake. Hapo msemo unageuka kuwa kificho.

Niwape kisa cha hapahapa kwetu, ambacho wazazi wenu wanakikumbuka. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa inapanda mlima eneo la Igandu, kabla ya kufika Dodoma mjini. Ndani walikuwamo watu zaidi ya 1,200: wafanyabiashara, wanafunzi, akina mama na watoto wao. Breki zikashindwa kuishika. Treni ikaanza kurudi nyuma, pole pole kwanza, kisha kwa kasi isiyozuilika, hadi ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake kwenye reli ileile. Walikufa watu 281. Hakuna ajali ya reli iliyoua watu wengi kiasi hicho katika historia ya Tanzania. Kwenye makaburi ya Maili Mbili, Dodoma, wamelala wale ambao hawakupata ndugu wa kuwatambua.

Ukimuuliza mtu wa kawaida nini kiliua watu pale, atasema breki. Mkaguzi wa usalama hawezi kuishia hapo. Yeye hukaa chini na kuufuata mnyororo pete kwa pete. Palikuwa na mlima. Palikuwa na treni nzito. Palikuwa na breki, na breki lazima zipimwe kabla ya safari. Palikuwa na reli moja, na juu yake treni mbili. Palikuwa na mawasiliano kati ya vituo. Kila pete ni mahali ambapo mnyororo ungeweza kukatwa, na pete moja tu ikikatwa, watu wanafika Dodoma salama na hakuna anayejua kwamba waliponea chupuchupu. Ndiyo maana kazi ya usalama haina sifa nyingi. Ikifanyika vizuri, hakuna kinachotokea.

Na hapa kuna fikra moja kubwa ambayo ningependa muishike, na imetokana na treni vilevile. Mwaka 1869 Mmarekani aitwaye George Westinghouse alibuni breki ya treni inayotumia hewa. Dereva akifungulia hewa, inapita kwenye bomba na kubana magurudumu ya mabehewa. Ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na ila: bomba likipasuka, hakuna hewa, na bila hewa hakuna breki. Mwaka 1872 akaigeuza kichwa chini. Kwenye breki yake mpya, hewa iliyojaa kwenye bomba ndiyo inayoziachia breki zisibane. Hewa ikitoka, kwa kuwa dereva ameamua au kwa kuwa bomba limekatika, breki zinabana zenyewe. Ona alichofanya. Alikubali kwamba bomba litakatika siku moja, akahakikisha kwamba siku hiyo treni itasimama. Binadamu anachoka, anasahau, anakosea. Mtaalamu wa usalama anaanza na ukweli huo, kisha anapanga kazi ili kosa lisizae kifo. Na hata breki ya namna hiyo bado inamhitaji mtu wa kuhakikisha kabla ya safari kwamba hewa imefika hadi behewa la mwisho na kwamba vibanio havijalika.

Sasa turudi hapa kwetu, hadi Kongwa, mashariki ya Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa kulima karanga kwenye mamilioni ya ekari za Tanganyika, na Kongwa ndiko walikoanzia. Walikuwa na matrekta, mengine yaliyotengenezwa kwa vifaru vya vita, na walikuwa na haraka, kwa maana baada ya vita Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Wakavamia mapori ya mibuyu. Mibuyu ya Ugogo ina mashimo, na kwenye mashimo wanaishi nyuki. Dereva anasukuma mbuyu kwa mashine, nyuki wanatoka kwa hasira, naye amekaa juu ya kiti hana pa kukimbilia. Baadhi ya madereva walilazwa hospitali kwa kuumwa na nyuki. Udongo nao, mvua ilipokatika, ukakauka ukawa mgumu ukavunja majembe ya chuma. Mvua haikunyesha kama ilivyopangwa kwenye makaratasi London. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na mamilioni ya pauni yakawa yamepotea.

Kinachoniuma katika kisa cha Kongwa ni kwamba hakuna hata jambo moja kati ya hayo lililokuwa siri. Mgogo yeyote aliyewahi kurina asali angeweza kuwaambia kuhusu nyuki wa mibuyu. Mzee yeyote angewaambia kuhusu mvua na udongo. Hawakuulizwa. Na hadi leo, ukichunguza ajali nyingi za kazini, utakuta alikuwapo mtu aliyejua: kibarua aliyeona nguzo imelegea, mama wa usafi aliyejua kwamba waya ule huwa unarusha shoti. Alijua, ila hakuna aliyemuuliza, au aliogopa kusema asije akaambiwa aende nyumbani.

Kuuliza ndiko kulikoanzisha taaluma hii yote. Miaka zaidi ya 300 iliyopita kulikuwa na daktari wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, aliyekuwa na tabia ya kuingia kwenye karakana na mashimo ya taka kuwatazama watu wakifanya kazi. Mwaka 1700 alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, na humo aliwahimiza madaktari wenzake kwamba mgonjwa akifika, pamoja na maswali ya kawaida, aulizwe anafanya kazi gani. Leo swali hilo linaonekana dogo. Lakini hebu fikirini mtu aliyepasua mawe miaka kumi anayefika zahanati na kikohozi. Asipoulizwa kazi yake, atapewa dawa ya kikohozi na kurudi kwenye mawe.

Wakati mwingine watu hujifunza kwa uchungu mkubwa mno. Tarehe 25 Machi 1911, moto uliwaka kwenye kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York. Wengi wa waliokuwa ndani ni wasichana, wengine wakiwa na umri wa baadhi yenu. Walikimbilia mlango, wakakuta umefungwa kwa ufunguo. Walikufa watu 146. Oktoba ya mwaka huohuo, wakaguzi 62 walikutana wakaunda chama chao, ambacho kimeendelea hadi leo kama chama cha wataalamu wa usalama cha Marekani. Waliona kwamba mkaguzi mmoja aliyeona mlango umefungwa anaweza kupuuzwa, ila wataalamu waliokaa pamoja, wakaandika viwango na kufundishana, ni vigumu kuwapuuza.

Hapa kwetu, sheria ya kwanza kubwa ya usalama viwandani ilitungwa na wakoloni mwaka 1950, ikitazama viwanda. Ilichukua zaidi ya nusu karne kupata Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayotazama sehemu za kazi kwa upana wake. Kwa sheria hii sehemu ya kazi inasajiliwa, inakaguliwa, na wafanyakazi wanapimwa afya. Na kuna jambo ambalo kwangu ndilo roho ya sheria yenyewe: wafanyakazi wawe na wawakilishi wao wa usalama na afya, na panapokuwa na wawakilishi kadhaa, iwepo kamati ambamo wanakaa meza moja na mwajiri. Yule kibarua aliyeona nguzo imelegea, sasa ana mtu wa kumwambia.

OSHA haifanyi kazi hii peke yake. Wahandisi wana chama chao, Taasisi ya Wahandisi Tanzania. Makandarasi wanasajiliwa na bodi, na bodi inaweza kuwafutia usajili. Wafanyakazi wana vyama kama TAMICO cha migodi na ujenzi na TUICO cha viwanda na biashara, na waajiri wana chao, ATE. Kila tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, hawa wote hukutana. Mwaka 2022 maadhimisho ya kitaifa yalifanyika Dodoma, na mwaka 2025 yakaenda Singida. Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani liliiweka haki ya kufanya kazi mahali salama miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, sambamba na haki ya kutolazimishwa kufanya kazi.

Maadhimisho ni siku moja. Tuingie saiti tuone siku za kawaida.

Jukwaa limejengwa kwa mirunda, limefungwa kwa waya. Juu yake upo ubao mmoja, upana wa viganja viwili. Kijana amebeba karai la zege begani, mkono mmoja umeshika karai, mwingine unapapasa nguzo. Hana pa kujishikilia zaidi ya hapo. Watu wengi wakiona hivi husema: mpeni kofia. Mkaguzi anayeijua kazi yake huanza mbali zaidi. Anauliza: kwani lazima apande? Zege si linaweza kuvutwa na winchi? Kama lazima apande, basi mbao ziwe za kutosha kujaza jukwaa, pawe na uzio wa kumzuia asianguke, na ubao wa chini wa kuzuia nyundo isidondokee walio chini. Anatazama mguu wa nguzo umekanyaga nini, udongo mtupu au ubao imara. Anauliza nani amelipima jukwaa baada ya upepo wa jana usiku, maana upepo wa Dodoma, kuanzia Juni na kuendelea, mnaujua. Baada ya hayo ndipo anauliza kuhusu mkanda wa usalama, na mwisho kabisa, kofia. Kofia haimzuii mtu kuanguka. Inakuja mwisho kwa sababu ni kinga ya pale ambapo kinga nyingine zote zimeshindwa. Msije mkadanganywa kwamba saiti ni salama kwa kuwa watu wote wana kofia.

Hatari nyingine haionekani hata kwa macho, na hii nitaieleza kwa urefu kwa sababu inaua watu wenye moyo mwema.

Dodoma ni nchi ya zabibu. Wamisionari wa Bihawana walizipanda miaka ya 1950, na leo tunavuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu nyingi zinakwenda kwenye viwanda vya mvinyo, mjini na huko Hombolo. Zikishakamuliwa, maji yake hukaa kwenye matangi makubwa na chachu huanza kazi: inakula sukari, inatoa kilevi na hewa ya kaboni dioksidi. Lita moja ya maji ya zabibu inaweza kutoa zaidi ya lita 40 za hewa hiyo. Haina rangi. Na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatulia chini ya tangi kama maji yanavyotulia mtungini. Tangi limemwagwa, linaonekana tupu, linasubiri kuoshwa. Mtu anateremka na brashi. Anavuta pumzi mbili tatu, magoti yanalegea, anaanguka.

Mwenzake aliye juu anamwona. Anamwita, haitikii. Anafanya ambacho mtu yeyote mwenye utu angefanya: anaruka ndani kumtoa. Naye anaanguka juu yake. Wa tatu anasikia kelele, anakuja mbio. Ndivyo ilivyokuwa na ndivyo ilivyo, duniani kote, kwenye matangi, visima, mashimo ya vyoo na maghala ya chini: mara nyingi miongoni mwa wanaokufa wamo waokoaji. Vivyo hivyo kwenye kisima au shimo la mgodi lililoteremshiwa pampu ya petroli ili kuvuta maji. Moshi wa injini unatoa kaboni monoksidi, ambayo nayo haionekani, na shimo haliwezi kuutoa.

Kinga yake wataalamu wameshaipanga. Tangi linapulizwa hewa safi kwa feni kwanza. Hewa ya ndani inapimwa kwa kipimo kinachoshushwa kwa kamba. Anayeingia anavaa mkanda uliofungwa kamba imara, na ncha nyingine ya kamba iko juu, kwenye kiegemeo, pamoja na mtu ambaye hana kazi nyingine yoyote ila kumwangalia. Akilegea, anavutwa. Hakuna anayeruka. Nawaomba mkumbuke hili hata kama hamtafanya kazi kiwandani, kwa sababu visima na vyoo vinachimbwa vijijini kwenu kila kiangazi. Ukimwona mtu ameanguka shimoni na hujui kwa nini, usiingie. Piga kelele, ita watu, tafuta kamba, piga simu Zimamoto, 114. Najua ni kuomba jambo gumu, kusimama juu wakati ndugu yako yuko chini. Lakini ukiingia, nani atakuvuta wewe?

Vumbi ni habari ndefu nyingine, ila nitaifupisha. Miamba ya nyanda hizi, kuanzia vilima vya mawe vilivyozunguka Dodoma hadi machimbo ya dhahabu ya Sekenke na Londoni mkoani Singida, ina silika kwa wingi. Ukipasua mwamba mkavu, vumbi kubwa linatua, linaonekana kwenye nyusi. Lile dogo sana, lisiloonekana, linaelea, linaingia hadi ndani kabisa ya mapafu na halitoki. Mapafu yanajaa makovu, ugonjwa unaitwa silikosisi, na hauna dawa. Isitoshe, unakifungulia mlango kifua kikuu. Kinga yake ni maji: mwamba ulowe kabla na wakati wa kuutoboa, vumbi life lilipozaliwa. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo. Wachimbaji wadogo wengi wanajifunga kitambaa na kudhani wamejikinga.

Twende Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, kwenye soko la mahindi. Malori yamejipanga, na wabeba mizigo wanapanda ubao ulioegemezwa kwenye lori, gunia shingoni. Gunia la kilo 100. Na kama ni lumbesa, lile lililofungwa kilemba juu, linazidi. Watu wengi wanajua kwamba lumbesa inamwibia mkulima, ndiyo maana Wakala wa Vipimo unaipiga vita. Wachache wanasema kwamba inamwibia mbebaji pia. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mkono zaidi ya kilo 55. Mbebaji wa Kibaigwa anabeba karibu maradufu, mara nyingi kwa siku, na analipwa kwa gunia, kwa hiyo kadiri anavyochoka ndivyo anavyozidi kukimbia. Yeye haanguki siku moja kama yule wa jukwaani. Uti wake wa mgongo unasagika kidogo kidogo, na akifika miaka 45 hawezi kumnyanyua mjukuu. Hakuna taarifa ya ajali inayoandikwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo sheria yetu ina deni kubwa zaidi, kwa watu ambao hawana mwajiri mmoja, hawana kamati, hawana mwakilishi. Wanachohitaji kwanza ni gunia la kilo 50, na hilo halihitaji teknolojia yoyote, ni kukubaliana tu sokoni.

Itokee mtu ameumia, je? Kuanzia Julai 2015 upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mwajiri anachangia, mfanyakazi hakatwi hata senti. Tangu Julai 2022 mchango ni asilimia 0.5 ya mshahara, kwa sekta binafsi na ya umma sawa. Mfuko unalipia matibabu, unamlipa aliyepata ulemavu, na akifa, unawalipa wategemezi wake, yaani mjane na watoto. Mkiwa na ndugu aliyeumia kazini, waambieni wazazi wamuulize kama mwajiri ametoa taarifa WCF, kwa sababu madai yanayocheleweshwa yanakuwa magumu kuthibitisha. Fidia ni haki yake, asione haya kuidai. Ila mkono uliokatwa na mashine ya kukamua alizeti haurudi kwa hundi, na hata watu wa Mfuko wenyewe wanatumia nguvu nyingi kuhimiza kinga.

Limebaki la kwenu nyinyi. Likizo zikifika, baadhi yenu mtaitwa kufanya vibarua. Kumsaidia mama dukani, kuchunga, kupalilia shamba la nyumbani baada ya shule, hakuna ubaya. Lakini kwenye machimbo madogo kuna watu wanaopenda watoto kwa sababu moja mbaya: mwili wako ni mdogo, unapita kwenye shimo ambalo mtu mzima hapiti. Atakuambia ni kazi ya dakika chache. Atakuonyesha noti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mtoto chini ya miaka 14 asiajiriwe kabisa, na chini ya miaka 18 asiajiriwe mgodini, kiwandani wala mahali pengine popote penye hatari. Hata ukikubali mwenyewe, hata mzazi akikubali, kosa ni la aliyekuajiri. Mwambie hapana, ondoka, umweleze mwalimu au mtendaji wa kijiji. Ukishindwa kuwapata, piga namba 116, ya msaada kwa watoto, ambayo ni bure kutoka simu yoyote. Piga hata kama aliyeingizwa shimoni si wewe, ni rafiki yako.